Kuandika kwa Mtu Atakayejibu

Hotuba kwa wapenzi wa kusoma na kuandika

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu na vijana wetu, habari za jioni.

Tumeombwa tuzungumzie mambo mawili ambayo kwa haraka hayaonekani kuwa na undugu wowote: hadithi za mashabiki na barua zinazoandikwa kwa mkono. Hadithi za mashabiki ni zile anazoandika msomaji au mtazamaji mwenyewe juu ya wahusika anaowapenda, wawe wa kitabu, tamthilia au katuni, kisha akawapa wenzake wazisome bure. Barua hazihitaji maelezo, ingawa wapo humu ukumbini ambao hawajawahi kubandika stempu maishani mwao. Sisi tunasema raha ya vitu hivi viwili ni moja. Unamwandikia mtu ambaye atakujibu. Mtunzi wa kitabu cha dukani hatawasikia kamwe wengi wa wasomaji wake, lakini shabiki na mwandika barua wote wawili huandika wakilingojea jibu. Kwa hiyo jioni hii tutakaa sana kwenye suala la kujibu, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Undugu huu una tarehe zake. Mwaka 1926, huko Marekani, Hugo Gernsback alianzisha jarida la hadithi za kisayansi, Amazing Stories. Kwenye kurasa za barua za wasomaji, jarida hilo lilichapisha na anwani kamili za walioandika. Basi wasomaji hawakuishia kumwandikia mhariri, wakaanza kuandikiana wenyewe. Barua zikazaa vilabu, vilabu vikazaa majarida ya kujitolea, na Mei 1930 likatoka Chicago jarida la The Comet, ambalo huhesabiwa kuwa la kwanza la mashabiki. Mwaka 1937 kikaundwa FAPA, chama cha mashabiki wanaojichapishia majarida, chenye utaratibu unaofaa kuigwa hata leo: kila mwanachama anachapa kijarida chake kwa idadi ya wanachama wote, anatuma furushi zima kwa msimamizi, na msimamizi anampelekea kila mtu bunda lenye nakala moja moja ya kila kijarida. Ndani ya toleo linalofuata, maneno mengi ni majibu kwa toleo lililopita.

Tamthilia ya Star Trek, ya safari za anga za mbali, ilipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni Septemba 1966, haikuchukua muda. Mwaka 1967 jarida la Spockanalia lilikuwa limeshatoka New York, likiwa la kwanza la mashabiki wa tamthilia hiyo peke yake. Kazi ya majarida ya wakati ule ilikuwa nzito. Maneno yalipigwa taipureta juu ya stensili ya nta, yaani karatasi ya kutolea nakala nyingi, herufi kwa herufi; ukikosea, unapaka dawa ya kuziba, unasubiri ikauke, unapiga tena palepale. Aliyetaka nakala alituma pesa kidogo, na aliyetaka kujibiwa swali aliambatisha bahasha yenye anwani yake na stempu. Na hapa pana desturi tunayoipenda kuliko zote: katika majarida mengi, msomaji aliyeandika barua ya maana kuhusu toleo alilosoma alipelekewa toleo linalofuata bila kulipa. Maoni yake yalikuwa ndiyo malipo.

Hata wahusika wenyewe wameandikiwa. Sherlock Holmes, mpelelezi aliyebuniwa na Arthur Conan Doyle, alikuwa akipelekewa barua London kwa anwani ya 221B Baker Street. Chama cha akiba na mikopo ya nyumba cha Abbey Road kilipohamia mtaa huo mwaka 1932, ofisi zake zikajumuisha namba hiyo, ikabidi aajiriwe katibu wa kuwajibu waliomwandikia Holmes.

Kwetu nako mambo haya si mageni. Jarida la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi, na utamaduni wa kujibizana kwa mashairi magazetini tunaufahamu: mmoja anauliza kwa beti nane, mwingine anajibu toleo lijalo kwa bahari ileile na vina vilevile, wa tatu anaingilia kuamua. Halafu kuna kadi za salamu za redioni. Unanunua kadi, unajaza majina ya unaowasalimu, unaituma kituoni, unategea kipindi. Wasalimiaji walikuwa na vilabu, walikuwa na majina ya utani yaliyojulikana nchi nzima, na walijuana kabla hawajaonana. Ule ni ushabiki kamili.

Sasa tuingie kazini, na tuanze na maoni, yaani barua fupi ambayo msomaji humwachia mwandishi chini ya hadithi.

Siku hizi hadithi nyingi za mashabiki ziko kwenye hifadhi za mtandaoni. Inayoheshimika sana ni Archive of Our Own, iliyofunguliwa kwa umma Novemba 2009 na Organization for Transformative Works, shirika lisilo la faida lililoundwa mwaka 2007. Haina matangazo ya biashara, inaendeshwa na watu wa kujitolea na michango, na mwaka 2019 ilipewa Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi. Chini ya kila hadithi kuna kitufe chenye alama ya moyo cha kumpongeza mwandishi, nacho unakibonyeza mara moja tu kwa hadithi moja. Kibonyeze bila ubahili. Ila kitufe hakisemi umependa nini, na mwandishi anakufa na hamu ya kujua hilo hilo.

Maoni mazuri hayahitaji kuwa marefu. Sentensi tatu au nne zinatosha, mradi ziwe za hadithi hii na si ya nyingine. Rudi kwenye hadithi, tafuta mahali ulipotulia ukasoma mara ya pili, nakili maneno yenyewe, kisha eleza yalikufanyaje. Tuseme mtu ameandika hadithi ya Sungura na Fisi baada ya ugomvi wao. Maoni ya "Nzuri sana, hongera" yanapokelewa kwa shukrani, hatuyadharau. Lakini tazama haya: "Pale Fisi anapohesabu mifupa mara mbili kabla ya kumfungulia Sungura mlango, nilijua ameshasamehe, ila anatafuta sababu ya kutosema. Sikuwahi kumwona Fisi akiwa na haya. Ule mfupa mmoja anaouficha nyuma ya mtungi, ni wa nani?" Hapo mwandishi amejua kuwa sehemu aliyoihangaikia imefika, na ameulizwa kitu anachoweza kukijibu. Kati ya watu wawili wasiofahamiana, mazungumzo yameanza.

Yanayoharibu ni machache, nayo yanajirudia. La kwanza ni "Sura inayofuata lini?" peke yake. Anayeuliza hana nia mbaya, ila mwandishi amemaliza kutoa maneno 4,000 kwa saa zake za usiku, na swali hilo halitaji hata moja kati yake. Ukisema kwanza ulichokipata kwenye sura hii, hamu yako ya ijayo itajionyesha yenyewe. La pili ni kusahihisha bila kuombwa. Mwandishi akisema mwanzoni kwamba anakaribisha ukosoaji, mpe kwa adabu; asiposema, makosa ya tahajia mwachie msomaji wake wa kwanza. La tatu ni kuona haya kutoa maoni kwenye hadithi ya zamani. Hadithi ya miaka kumi iliyopita bado ina mwenyewe, na maoni yanayomfikia wakati alishadhani imesahaulika humfurahisha kuliko yale ya wiki ya kwanza.

Kwa wanaotaka kuandika hadithi yenyewe, ushauri wetu ni kuanza na tukio moja lililorukwa. Kila hadithi ina pengo: wahusika wameagana jioni, sura inayofuata ni asubuhi. Usiku ule kulitokea nini? Maneno 800 hadi 1,500 yanatosha, na ukomo upo, maana asubuhi inajulikana. Wanaoanza na sura 30 huishia ya nne, kwa kuwa wamejitwisha kubuni njama nzima wakati bado wanajifunza sauti za wahusika. Kabla ya kuandika, weka kwenye karatasi mambo matatu: tukio linaangukia baada ya sura au kipindi gani, kila mhusika anajua nini kufikia hapo, na nani ana kinyongo na nani. Kosa linalowakera mashabiki kuliko yote ni mhusika kujua siri ambayo kwa wakati huo hajaambiwa.

Kwa Kiswahili kuna jambo la nyongeza. Ukimchukua mhusika wa katuni ya Kijapani au tamthilia ya Korea ukamweka kwenye Kiswahili, amua mapema anawaitaje wakubwa zake, na ushikilie uamuzi huo. Wahusika hao wana ngazi za heshima kwao, na msomaji wetu naye ana masikio ya heshima. Mwanafunzi anayemwambia mwalimu wake "wewe" kwenye aya ya kwanza na "mwalimu wangu" kwenye ya pili bila sababu, ametuvuruga.

Ukimaliza, mpe mtu asome kabla hujaweka hadharani. Mashabiki humwita beta. Usimwambie tu "nisomee". Mwambie unataka akague nini: tahajia, mfuatano wa matukio, au kama mhusika anasikika kama yeye. Mtu mmoja mara nyingi hayawezi yote matatu.

Kwenye hifadhi hiyo tuliyoitaja, kujiandikisha ni kwa mwaliko: unaacha barua pepe yako kwenye foleni, unasubiri. Ukiweka hadithi utachagua kiwango cha umri, tahadhari kama vile vurugu za kutisha au kifo cha mhusika mkuu, na lugha. Kiswahili kimo kwenye orodha. Tahadhari zichukulie kwa uzito. Msomaji anayefiwa wiki hii ana haki ya kujua kabla hajafungua. Andika kazi yako kwanza kwenye faili lako mwenyewe, kwa sababu rasimu isiyochapishwa hufutwa hapo baada ya kama mwezi mmoja. Na usitafute pesa kwa hadithi hizi. Wahusika ni wa mwenyewe, sisi tumewaazima.

Kuna mchezo wa mashabiki unaounganisha pande zote mbili za mada yetu. Unaitwa Yuletide, na umekuwapo tangu mwaka 2003. Washiriki hujiandikisha, kila mmoja akitaja wahusika anaoweza kuwaandikia na wale anaotamani kuandikiwa, wakitoka kwenye kazi zenye mashabiki wachache. Msimamizi anawapatanisha kwa siri. Kila mtu anaandika zawadi ya maneno yasiyopungua 1,000, hadithi zinafunguliwa Krismasi, na majina ya waandishi hufichuliwa mwaka mpya. Na kabla ya hapo, mshiriki humwandikia barua mtu asiyemjua ambaye atamwandikia yeye hadithi. Humo anasema anapenda nini kwa mhusika, anapenda hadithi za aina gani, na yapi hataki kabisa kuyaona. Barua nzuri ya aina hii hufungua njia bila kuamuru. "Napenda jinsi dada mkubwa anavyonyamaza akikasirika" inampa mwandishi pa kuanzia. "Nataka aolewe na fulani, wahamie mjini, wapate mapacha" imeshamaliza hadithi kabla mwandishi hajaanza.

Tugeukie karatasi na kalamu.

Vifaa vya barua ni vichache, lakini vipimo vyake vina maana. Karatasi ya A4 ya kawaida, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina uzito wa gramu 5. Ngazi ya kwanza ya uzito kwa barua zinazokwenda nje huishia gramu 20 kwa desturi. Bahasha yenyewe inakula gramu 3 hadi 4. Kwa hiyo karatasi tatu zinapita, ya nne inakupandisha ngazi. Ukiandikia karatasi za daftari la ukubwa wa A5, za gramu 60, kila moja haifiki gramu 2. Unaweza kuweka nane. Barua ikipungukiwa stempu, posta inaweza kuipiga muhuri wenye herufi T, na rafiki yako ndiye atakayedaiwa. Kama huna uhakika, ipimishe dirishani kabla ya kuifunga.

Bahasha fupi, milimita 114 kwa 162, inapokea A4 iliyokunjwa mara mbili ikawa robo. Ile ndefu, milimita 110 kwa 220, inapokea A4 iliyokunjwa mafungu matatu. Kunja kwa kucha, upate mkunjo bapa. Barua iliyotuna hukwama kwenye mashine za posta. Usibane kwa pini wala stepla.

Kalamu ya biki ya kawaida ndiyo rafiki wa posta zetu. Wino wa jeli na wa kuchovya unapendeza machoni, lakini tone moja la mvua juu ya bahasha linaweza kufuta anwani. Wanaopenda wino wa maji waandikie barua ndani, anwani waandike kwa biki. Na kama uko Pwani, Unguja, Mombasa, Lamu, unaujua unyevu: bahasha zinajifunga zenyewe kabatini na stempu zinashikana mgongo kwa mgongo. Weka kipande cha karatasi ya nta au plastiki chini ya kila ulimi wa bahasha, na stempu ziweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na kijifuko kikavu cha mchele.

Anwani iende chini kidogo ya katikati, stempu kona ya juu kulia, na anwani yako nyuma. Huku kwetu barua nyingi huishia kwenye sanduku la posta, hivyo S.L.P. isikosekane. Kwa Kenya, namba ya sanduku hufuatwa na kistari na msimbo wa posta, mfano 80100 kwa Mombasa. Barua ikivuka mpaka, jina la nchi liwe mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa. Asiye na sanduku anaweza kupokelea shuleni, kazini, msikitini au kanisani, kwa ruhusa, na neno "Kupitia" likiandikwa mbele ya jina la mahali hapo. Kwa marafiki wa kalamu wasiofahamiana bado, na hasa vijana, tumieni sanduku na si anwani ya nyumbani, na mzazi ajue nani anaandikiwa.

Ndani ya barua, anza juu kulia na mahali na tarehe. Tarehe ni muhimu kuliko mnavyodhani, maana barua mbili zinaweza kupishana njiani na mtu akadhani amepuuzwa. Andika na ile unayoijibu: "Barua yako ya tarehe 4 Machi imenifikia tarehe 29." Kisha salamu. Salamu zetu za barua ni tamu, "mimi ni mzima, hofu ni kwako," na msizione za kizamani. Zinampa msomaji nafasi ya kukaa vizuri kitini. Ila zikiisha, ziishe.

Kinachofuata ni kujibu kabla ya kuhadithia. Weka barua ya mwenzako mezani, upitie kwa penseli, weka alama ndogo kwenye kila swali lake na kila habari aliyokuambia kwa uchungu au furaha. Jibu hizo kwanza, moja baada ya nyingine, halafu ndiyo uingie kwenye yako. Ni kazi ya dakika kumi, nayo ndiyo inayotofautisha barua na tangazo. Mtu aliyekwambia mwezi uliopita kwamba mama yake kalazwa, akapokea kurasa tatu za harusi ya jirani yako, hatakuandikia tena kwa moyo ule.

Usitumie ukurasa wa kwanza kuomba radhi kwa kuchelewa. Mstari mmoja unatosha. Kuomba radhi kurefu kunamlazimu mwenzako naye ajibu kwa kukufariji, na barua mbili zinakwenda na maji. Ukikosea neno, likate kwa mstari mmoja uendelee. Barua iliyonakiliwa upya ikawa safi hupoteza joto, na wengi huishia kutoituma. Acha pambizo la sentimita mbili, andika namba kila ukurasa, na kama karatasi ni nyepesi andika upande mmoja. Habari kubwa ziandikwe kwa ufupi, ndogo kwa urefu: rafiki yako amesikia bei ya unga imepanda, lakini hajui kwamba fundi saa wa pale sokoni sasa anatengeneza simu kwa kutumia kioo kilekile cha jichoni. Malizia kwa swali moja ambalo yeye tu anaweza kulijibu.

Mbegu na majani mabichi msiweke kwenye barua za nje. Nchi nyingi huzizuia. Pesa pia msiweke. Picha, kipande cha gazeti, utepe, mchoro wa mtoto, hivyo havina shida.

Sasa pendekezo letu. Tuanze barua ya mzunguko, watu sita kwa kundi, na kila kundi lichague hadithi moja ambayo wote wameisoma. Kila mmoja anaandika karatasi moja ya A5, upande mmoja barua kwa wenzake, upande wa pili kipande cha hadithi ya mashabiki. Karatasi sita za A5 za gramu 80 ni gramu 15. Pamoja na bahasha fupi hatuvuki 20. Bahasha ikikufikia, unasoma za wenzako tano, unatoa yako ya zamani, unaweka mpya inayowajibu, unaituma kwa anayefuata. Ukiikalia siku saba na posta ikachukua wiki, mzunguko mmoja ni wiki kumi na mbili, yaani minne kwa mwaka.

Mizunguko hufia mikononi mwa mtu mmoja aliyesubiri apate nafasi ya kuandika vizuri. Kwa hiyo sheria iwe hii: siku ya saba bahasha inaondoka, hata kama umeweka mistari miwili tu. Piga picha kila karatasi kabla ya kutuma, ili bunda likipotea watu waweze kuanza upya bila kulaumiana. Na anayetuma amjulishe anayefuata kwa ujumbe mfupi wa simu, neno moja tu, "imeondoka," bila kumwambia kilichomo.

Daftari la majina liko pale mlangoni, pamoja na bahasha na karatasi. Andikeni jina, S.L.P. na hadithi mnayoitaka. Makundi yatapangwa kabla hatujatawanyika, na wa kwanza katika kila kundi aondoke na bahasha yake ikiwa na stempu tayari.